Mashine Kuukuu ya Boti kama Zana ya Kufundishia Sayansi

Utangulizi

Katika shule zilizo kando ya maji, kuanzia vijiji vya mwambao na delta ya Rufiji hadi visiwa vya Ukerewe na ufuko wa Kigoma, ni mashine chache ambazo wanafunzi huzisikia kila siku kama ile inayofungwa kwenye tezi ya boti. Huisikia alfajiri wavuvi wanaporudi, na baadhi yao huipanda wakienda shuleni. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo aingiapo darasani hufundishwa kanieneo ya hewa, kutu na uwiano kana kwamba mambo hayo hayana uhusiano wowote na mashine aliyoiacha ufukoni.

Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, walimu wamekuwa wakikumbushwa kwamba elimu haina budi kuanzia katika maisha ya mwanafunzi. Shabaha ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mwanachuo namna ya kuitumia mashine ya boti, hasa ile iliyozeeka, kufundishia sayansi na hesabu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Hatukusudii kuwafanya wanafunzi mafundi. Tunakusudia wajifunze kufikiri kwa utaratibu mbele ya kitu kilichoharibika. Mashine ikizima mbali na pwani wakati kusi inavuma, anayebahatisha hupoteza muda, na muda ule ndio unaoisukuma boti kwenye mwamba.

Jambo la kwanza: mwalimu aijue mashine

Mwalimu hawezi kuongoza uchunguzi wa kitu asichokielewa. Yampasa, kabla ya somo, atumie angalau nusu siku pamoja na fundi wa kijijini, aione mashine ikifunguliwa, na aulize jina na kazi ya kila sehemu.

Mashine za namna hii si mpya. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine ndogo ya kufunga kwenye tezi katika mji wa Milwaukee, huku mkewe Bess akishughulikia barua na matangazo ya biashara. Utengenezaji wa mashine zenye jina hilo ulikoma mwaka 2020. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1960, na mashine zake ni miongoni mwa zinazoonekana sana katika maji yetu. Zile za zamani aghalabu ni za mapigo mawili. Injini ya aina hiyo haina oili iliyohifadhiwa ndani kama ya gari, bali hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Jambo hilo ndilo chanzo cha uzuri wake na cha maradhi yake mengi.

Ili mashine iwake na kuendelea kuwaka, yahitajika mambo manne. La kwanza ni mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kadiri inayofaa. La pili ni cheche ya plagi. La tatu ni mgandamizo, yaani pistoni iweze kuushindilia mchanganyiko ule ndani ya silinda bila kuvuja. La nne ni maji ya kupoza. Mwalimu ayakariri mambo haya manne, kwani somo zima litasimama juu yake.

Hatari ya kufundisha majina matupu

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mwambao, tulimwona mwanachuo mmoja akichora mashine ya boti ubaoni kwa ustadi mkubwa. Aliandika majina kumi na manne, na wanafunzi wakayanakili. Ndipo mvulana mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, mashine ya baba huwaka vizuri, ikifika mbali inazima. Akiiacha kidogo inawaka tena. Ni kwa nini?" Mwanachuo akamjibu kwamba swali hilo halimo katika somo la leo.

Kwa maoni yetu swali hilo ndilo lililokuwa somo. Ndani yake mlikuwa na dalili mbili zenye thamani: kuzima baada ya muda, na kuwaka tena baada ya kupumzishwa. Mwalimu aliyejiandaa angeligeukia darasa lote na kuuliza, "Ni kitu gani kinachopungua mashine inapokwenda, na kurudi inapopumzika?" Hapo wanafunzi wangelazimika kufikiri. Basi na tuone jinsi somo la namna hiyo linavyoweza kupangwa.

Zana na tahadhari

Zana iliyo bora ni mashine mbovu iliyotupwa na fundi. Kabla ya kuingizwa shuleni imwagwe mafuta yote, ikaushwe mahali penye upepo kwa siku kadhaa, na rafadha, au propela kama wavuvi wengi waiitavyo, iondolewe. Mwalimu akusanye pia makopo ya maziwa, misumari, pampu ya baiskeli, chupa za plastiki, chumvi, oili kidogo na betri kavu za tochi zilizokwisha.

Petroli isiingizwe darasani kwa sababu yoyote ile. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na unaweza kushika moto mbali na chombo chenyewe. Maji yaliyotiwa rangi yatatumika mahali pake. Jaribio la cheche lifanywe na fundi peke yake, nje, mbali na mafuta, wanafunzi wakiwa wamesimama kando.

Sehemu ya kwanza: hewa na mafuta

Mwalimu achukue kopo, alijaze maji, alifunge kabisa pande zote, alitoboe tundu moja dogo kwa msumari, kisha aligeuze. Maji yatatoka matone machache na kusita. Atoboe tundu la pili upande wa pili, maji yatatiririka. Awaulize wanafunzi tundu la pili limeleta nini. Asiwape jibu upesi. Baada ya majadiliano watafahamu kwamba kila tone litokalo huacha nafasi, na hewa isipoingia kuijaza nafasi hiyo, kanieneo ya ndani hupungua hata ile ya nje huyazuia maji yasitoke.

Sasa wapelekwe kwenye tangi la mafuta. Juu ya kifuniko cha tangi la kubebeka kuna parafujo ndogo ya kupitishia hewa. Ikisahauliwa imefungwa, mashine itawaka na kwenda kwa dakika kadhaa, kisha itakufa kwa kukosa mafuta ilhali tangi limejaa. Pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira wa mafuta itakuwa imebonyea, na ubavu wa tangi huenda umeingia ndani. Mashine ikiachwa, hewa kidogo hupenya, nayo huwaka tena. Swali la yule mvulana lingeanza kujibiwa hapa, kwa kopo na msumari.

Pampu ile ya mkono ina mengi ya kufundisha. Ikibinywa mara kadhaa hujaa na kuwa ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, ama tangi ni tupu, ama mpira umepasuka na unavuta hewa, ama vali zake zimechoka. Ikiwa ngumu lakini mafuta hayafiki kwenye plagi, kizuizi kiko mbele yake, katika chujio au katika matundu membamba ya kabureta. Kwa hiyo, kwa kubinya mpira tu, mchunguzi huigawa njia ya mafuta katika sehemu mbili na kujua aanze wapi.

Sehemu ya pili: hesabu ya mchanganyiko

Hakuna mahali ambapo hesabu ya uwiano ina uzito kuliko hapa. Mashine nyingi za mapigo mawili huhitaji sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Nyingine, hasa zilizo kongwe zaidi, huhitaji 1 kwa 25 au karibu na hapo. Kitabu cha mashine ndicho kiamuzi, na mashine yenye tangi lake la oili haichanganyiwi kabisa.

Wanafunzi wapewe swali hili: tangi ni la lita 20 na uwiano ni 1 kwa 50; oili kiasi gani itahitajika? Wengi watagawanya 20 kwa 50, wapate 0.4, kisha wakwame wasijue 0.4 ya nini. Mwalimu awaongoze wageuze lita kuwa mililita kwanza: 20,000 ikigawanywa kwa 50 ni 400. Uwiano ukiwa 1 kwa 25, jibu ni mililita 800. Kisha wapime kwa vitendo: maji ya kawaida yawe petroli, na maji ya rangi yawe oili. Waitie alama chupa ya nusu lita mahali pa mililita 100, 200, 300 na 400 kwa kutumia kipimo cha kweli, wala wasikisie kwa macho, kwa kuwa chupa si pana sawasawa toka chini hadi juu.

Mwalimu asiwaache na jibu la hesabu tu. Awaulize: mvuvi akitia mililita 200 badala ya 400 ili aokoe fedha, nini kitatokea? Oili ikipungua, pistoni husugua silinda bila kulainishwa, hupata joto, huchubuka na hatimaye hukwama. Akiba ya mililita 200 huishia katika gharama ya silinda nzima. Je, akitia mililita 800? Moshi utakuwa mwingi, plagi itapakaa masizi na kulowa, na mashine itakataa kuwaka vizuri. Kwa njia hii mwanafunzi huona kwamba nukta ikiwekwa mahali pasipo pake yaweza kuua mashine.

Sehemu ya tatu: cheche na mgandamizo

Mgandamizo hufundishwa kwa pampu ya baiskeli. Mwanafunzi azibe mdomo wa pampu kwa kidole gumba, mwenzake asukume. Atahisi hewa ikipigana na kidole, na mwishowe pampu yenyewe itapata joto. Pampu yenye ngozi iliyochakaa haitatoa nguvu hiyo. Vivyo hivyo, mashine ambayo ringi za pistoni zimechakaa huvutika kamba kwa wepesi usio wa kawaida, wala haisikiki kukaza.

Plagi nayo ifundishwe kama barua iliyotoka ndani ya silinda. Mwalimu aombe kwa fundi plagi tatu au nne zilizotumika. Yenye rangi ya udongo mwekundu uliofifia hutoka katika injini yenye afya. Nyeusi yenye kulowa huonyesha mafuta au oili kupita kiasi, au choki iliyosahauliwa. Nyeupe iliyokauka huonyesha joto kali, pengine kwa kuwa mafuta ni haba kuliko hewa. Wanafunzi wazipange wenyewe, kila kikundi kikieleza sababu za mpango wake.

Sehemu ya nne: maji, chumvi na kutu

Mashine ya boti hupozwa na maji inayoelea juu yake. Ndani ya mguu wake mna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kiitwacho impela, ambacho huyavuta maji na kuyapandisha. Sehemu ya maji hayo hutoka nje kwa mchirizi mwembamba ambao kila nahodha hana budi kuutazama mara tu mashine iwakapo. Mchirizi ukikoma, mashine izimwe papo hapo. Pengine vipande vya nyavu, majani au plastiki vimeziba mdomo wa kuvutia maji. Pengine mchanga umelila bawa la impela. Ni marufuku kuiwasha mashine nchi kavu bila maji, hata kwa muda mfupi, kwani impela hulainishwa na maji yale yale, na ikikauka huungua.

Kwa habari ya chumvi, yafaa kuandaa jaribio la siku saba. Zichukuliwe bilauri nne na misumari minne mipya. Bilauri ya kwanza iwe na maji baridi ya kisima; ya pili, maji ya chumvi; ya tatu, maji ya chumvi lakini msumari uzungushiwe ukanda wa zinki; ya nne, maji yaliyochemshwa, yakapoa, kisha yakafunikwa kwa tabaka ya mafuta ya kula ili hewa isiingie. Zinki hupatikana katika kopo la nje la betri kavu ya kawaida. Mwalimu mwenyewe aikate na kuisafisha, wala asitumie betri za aina ya alikali.

Wanafunzi waandike kila siku wanachokiona. Msumari wa pili utapata kutu upesi. Ndiyo maana mashine iliyotumika baharini huoshwa kwa maji baridi, ndani na nje, kila irudipo. Wa tatu utalindwa, kwa kuwa zinki huliwa badala ya chuma. Ndiyo maana mashine hubandikwa vipande vya zinki, na ndiyo maana vipande hivyo havipakwi rangi. Wa nne utabaki karibu safi, kwani kutu huhitaji maji na hewa kwa pamoja.

Msumari wa nne huwaandaa wanafunzi kwa jambo linalowashangaza hata watu wazima. Mashine ikianguka baharini na kuopolewa, wengi huianika juani ikauke. Hilo ni kosa, maana chumvi, unyevu na hewa hukutana ndani yake na kutu huanza baada ya saa chache. Yapasa ioshwe kwa maji baridi, plagi zitolewe, maji yamwagwe kwa kuielekeza matundu ya plagi chini na kuvuta kamba taratibu, kabureta isafishwe, oili itiwe ndani ya silinda, na iwashwe siku ile ile. Ikiwa kamba haivutiki isilazimishwe. Pengine kitu kimepinda ndani, hasa kama ilianguka ikiwa inakwenda. Na kama fundi hapatikani siku hiyo, ni heri izamishwe katika pipa la maji baridi hadi apatikane.

Mwishowe mwalimu atie oili na maji kidogo katika chupa na kuitikisa kwa nguvu; mchanganyiko utakuwa na rangi ya maziwa. Oili ya gia ikitoka na rangi hiyo, ni alama kwamba sili imechoka na maji yameingia.

Utaratibu wa kutafuta hitilafu

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo. Kanuni zake ni tatu: anza na kinachochunguzika bila spana, fuata njia tangu mwanzo wake hadi mwisho, rekebisha jambo moja tu, ujaribu, kabla ya kugusa jingine. Anayebadili plagi, akafungua kabureta na kukaza waya kwa pamoja, hata mashine ikiwaka hajui ameponya nini, na kesho itakapozima tena ataanza upya.

Mashine isipowaka kabisa, mpango uwe huu:

1. Je, kamba ya usalama ya swichi ya kuzimia iko mahali pake, na gia iko huru?
2. Je, mafuta yamo, parafujo ya hewa imefunguliwa, na mpira umeunganishwa sawasawa?
3. Je, pampu ya mkono hujaa na kuwa ngumu?
4. Baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, plagi ikitolewa ni kavu au imelowa? Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Rudi kwenye chujio na kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Ikaushwe, na fundi achunguze cheche.
5. Cheche ikiwapo na mafuta yakiwapo, chunguza mgandamizo, na ukumbuke pia petroli iliyokaa miezi mingi, ambayo huchakaa na kuacha utando wa gundi katika kabureta.

Baada ya hapo vikundi vipewe kadi zenye mikasa. Kadi ya kwanza: mashine inanguruma lakini boti haiendi, rafadha iligonga mwamba. Hapa pini ya rafadha imekatika, nayo imewekwa makusudi iwe dhaifu ili ikatike badala ya gia. Katika mashine kubwa, mpira wa ndani ya rafadha huenda umeteleza. Kadi ya pili: moshi mwingi na plagi nyeusi. Kadi ya tatu: mchirizi wa maji umekoma. Kadi ya nne: ni ile ya yule mvulana. Kila kikundi kieleze kwanza dalili, kisha sababu zinazowezekana, kisha uchunguzi mmoja utakaozitenganisha. Alama zitolewe kwa mantiki ya hoja, hata kama jibu la mwisho si sahihi.

Mgeni darasani

Tunapendekeza fundi au nahodha aalikwe kwa kipindi kimoja. Wanafunzi wamwamkie kwa heshima na kumwita Fundi au Mzee, kama desturi ilivyo, na mwalimu akae upande wa wanaouliza. Mwalimu asione haya kwa kuwa mgeni anajua zaidi. Wanafunzi hunufaika wamwonapo mwalimu wao akijifunza. Wasichana nao washike spana sawa na wavulana. Mgeni aombwe aonyeshe vitu asivyoviacha aendapo majini: plagi ya akiba, spana yake, pini, koleo, kamba, makasia, nanga na jaketi za kuokolea. Wanafunzi waulizwe ni kwa nini makasia yamo katika orodha ya mtu mwenye mashine nzuri.

Hitimisho

Watoto wengi wa mwambao na visiwani watapanda boti siku zote za maisha yao, na wengine watakuwa manahodha. Haitawasaidia sana kuyakumbuka majina kumi na manne ya ubaoni. Kitakachowasaidia ni mazoea ya kutulia, kutazama, kuuliza swali moja na kulijibu kabla ya jingine. Mazoea hayo hujengwa kipindi kwa kipindi, na mwalimu wa shule ya msingi ndiye mjenzi wake wa kwanza.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Eleza sababu za mashine kuzima baada ya muda na kuwaka tena, mbali na ile ya parafujo ya hewa. Ungewaongozaje wanafunzi kuzitenganisha?
2. Tunga maswali matatu ya uwiano yanayotumia tangi la lita 25, na utaje makosa unayoyatazamia kwa wanafunzi.
3. Shule yako iko mbali na maji. Chagua mashine nyingine ya kijijini, kama vile ya kusaga, na upange somo kwa utaratibu ulioonyeshwa hapa.